Habari za Agripina wa Unyambwa, na Jinsi Alivyoikomboa Alizeti Yake Kutoka kwa Jogoo Mheshimiwa

Tegeni masikio, enyi mkaao Unyambwa na ninyi mnaopita tu kuelekea mjini! Zimeni redio, tueni ndoo, na mwenye chai mdomoni aimeze kwanza, maana habari hii imekwisha kuwapalia watu. Zinasimuliwa hapa habari za vita kuu iliyopiganwa nyuma ya nyumba, kati ya tuta la figili na choo. Vita ambayo hakuna redio iliyoitangaza, hakuna balozi aliyeitwa kuisuluhisha, wala haikuacha yatima hata mmoja, ingawa iliacha tuta zima la figili likiwa tambarare kama uwanja wa mpira wa shule.

Nawe Sindano, ewe mwembamba kuliko visingizio vya mume aliyechelewa kurudi, mwenye jicho moja na bado unaona kuliko wengi wenye mawili, shuka uiongoze simulizi hii isipinde. Na ukisikia chumvi inazidi, choma.

Shujaa mwenyewe aliitwa Agripina, mke wa Zefania fundi baiskeli, mama yake Alute. Agripina Mtia-Uzi-Bila-Miwani, Agripina Kidole-Sugu, Agripina ambaye mafundo ya uzi yakisikia hatua zake yalijifungua yenyewe kwa adabu! Hakushona ili auze. Alifuma na kudarizi kwa sababu mikono ikikaa bure ilimwasha. Ndani ya nyumba yake hakuna kitu kilichokaa uchi: makochi yalivaa, redio ilivaa, friji ilivaa, hata jagi la maji lilivaa kikofia chenye shanga, na Zefania alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba yeye nyumbani hukaa akijitikisatikisa, maana akitulia muda mrefu ataamka amefunikwa kitambaa.

Lakini moyoni mwa shujaa huyu kulikuwa na kidonda. Mwaka uliopita, kwenye harusi ya mtoto wa mwanachama mwenzake wa umoja wa wafumaji, kitambaa chake cha zabibu alichokidarizi msimu mzima hakikutandikwa meza kuu. Hakikutandikwa meza ya keki. Hakikutandikwa hata meza ya wazee wa ukoo, ambao hawajali wanachomwagia mchuzi. Kilitandikwa meza ya kunawia mikono! Chini ya jagi, chini ya beseni, chini ya kipande cha sabuni, kililoweshwa na ukumbi mzima. Na ilipofika zamu ya mzee mmoja kutoka Mitundu, mtu mzima na heshima zake, mzee akatafuta taulo, akalikosa, akakamata ncha ya zabibu za Agripina, akajifutia mikono mpaka kwenye viwiko. Agripina aliona. Alikuwa na pilau mdomoni, hakuimeza, hakuitema. Akaapa kimoyomoyo, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi, kwamba safari ijayo kitambaa chake kitakaa meza kuu, mbele ya bibi harusi, au ataziacha sindano na kuanza kufuga bata kama watu wengine waliokata tamaa.

Basi mvua ziliposhuka, ardhi ya Unyambwa ikalainika na majukumu yakachipua kuliko magugu. Asubuhi shujaa alikuwa bustanini, ameinama juu ya matuta ya figili, mchicha na vitunguu, akipandikiza na kupalilia kama jemadari akagulaye vikosi. Mchana alikuwa na Umoja wa Wafumaji Unyambwa, dola lenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na sare ya kitenge, ambalo wanachama wake walifungua kikao kwa sala ya Kikristo, wakakifunga kwa dua ya Kiislamu, na katikati wakasengenya bila kubagua dini. Umoja ulikwenda kumpongeza aliyejifungua; umoja ulikwenda kumpalilia aliyeteguka mguu; umoja ulijifunza mshono mpya kwa kuutazama kwenye simu ya katibu, ambayo kioo chake kilipasuka, hivyo wote wakajifunza mshono huo ukiwa na ufa katikati. Na jioni, kabla jua halijazama, Agripina alisugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka udongo utoke kwenye kucha, akaketi barazani, akafunga kitambaa cheupe kwenye fremu, akadarizi.

Alidarizi alizeti. Si alizeti moja ya kujificha pembeni. Shamba zima la alizeti lilizunguka kingo za kile kitambaa, na katikati lilikaa ua moja kubwa, malkia wa yote, petali zake za manjano, moyo wake wa rangi ya kahawia. Na kahawia ile haikuwa ya kawaida. Ilikuwa kahawia ya mbegu iliyokauka vizuri, uzi ambao Alute, mwanawe wa kwanza, aliununua Nduguti alikopata kazi, ukawa wa mwisho dukani. Maduka ya mjini yalikuwa na kahawia ya kiatu tu. Agripina aliutumia uzi ule wote kwenye ule moyo. Haukubaki hata wa kufungia jino bovu.

Kwa nini bidii hiyo yote? Kwa sababu baada ya Pasaka kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Witness, binti wa mwenyekiti mwenyewe. Naye mwenyekiti, Mama Witness, alikuwa mwanamke wa kuogopwa kuliko mtihani wa hesabu. Sheria ya umoja ilikuwa moja, nayo aliitunga yeye: nyuma kama mbele. Akiletewa kitambaa, hakutazama maua. Alikigeuza. Alitafuta mafundo, nyuzi zilizoning'inia, viraka vilivyofichwa.

"Mbele kila mtu anajipaka poda," alikuwa akisema. "Mimi nionyeshe mgongo."

Na mgongo wa zabibu za mwaka jana, tusidanganyane, ulifanana na kiota cha kwarara. Ndiyo maana zilikwenda kunawa mikono. Safari hii kila ncha ya uzi Agripina aliificha ndani ya mshono, mgongo ukawa sawa na uso.

Siku ya Jumamosi, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la wasapu, na sauti ya Mama Witness ikanguruma: "Wapendwa, habari za jumla. Kesho baada ya ibada tunakutana kwa Mama Alute, ni zamu yake. Kila mtu na kitambaa chake. Nakagua, nachagua cha meza kuu, tunakula, tunaondoka. Mama Alute, wali usiwe bokoboko."

Agripina akasikiliza mara ya kwanza kwa hofu na mara ya pili kwa hasira, kwa ajili ya lile neno la bokoboko. Kitambaa kilikuwa kimekamilika. Kilikuwa kimefuliwa. Kilibaki kutiwa wanga ili kisimame wima kama askari wa gwaride. Akachukua unga wa muhogo, akakoroga uji, na hapo ndipo tamaa ya ushindi ilipomshika mkono. Badala ya uji mwepesi wa kupitishia nguo, akaukoroga mzito, ule wa kumpa mgonjwa anayeanza kupata nafuu. Akakizamisha kitambaa, akakikamua kidogo, akatoka nacho nje.

Kuanika kwenye kamba hakuthubutu. Upepo wa Singida anaujua kila mtu. Upepo ule huvua watu kofia na kuzipeleka wilaya nyingine. Kwa hiyo akakitandaza juu ya lile jiwe kubwa, pana, bapa, lililolala nyuma ya nyumba tangu dunia haijapata jina, jiwe lenye kushika joto kama tanuri, akakivuta kikanyooka, akaweka kokoto nzito kwenye kila pembe. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Jua likawaka. Alizeti zikang'aa. Agripina akajiona mwenye akili.

Ole wake! Kwa furaha yake alisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Unyambwa analijua kabla hajajua kuhesabu: jiwe lile ndilo lililoanikiwa mtama na uwele kila baada ya mavuno. Na kama Agripina alilisahau, alikuwepo mmoja pale nyumbani ambaye halisahau hata usingizini. Kwa huyo, jiwe lile halikuwa jiwe. Lilikuwa meza ya chakula. Na leo, baada ya miezi mingi ya kusubiri, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kulikuwa na uji.

Jina lake lilikuwa Mheshimiwa. Alikuwa jogoo wa Zefania, mwekundu wa shingo, mweusi wa mkia, mwenye upanga juu ya kichwa na dharau machoni. Mheshimiwa hakutembea, alizuru. Alipita kati ya majike akiinua mguu mmoja na kutafakari kama aushushe au la. Sasa akaja, akapanda jiwe, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mgeni rasmi anayetafuta kipaza sauti. Akaionja alizeti ya pembeni. Akaipenda. Akaenda moja kwa moja kwa malkia.

Agripina alikuwa ameinama kwenye vitunguu aliposikia: tok. Tok tok. Tokotoko.

Akainua kichwa, na alichokiona kikamfanya atoe ukelele uliosikika mpaka barabarani: "Wewe! Shetani wewe! Shuka juu ya ua langu!"

Mheshimiwa hakuzoea kusemeshwa hivyo. Akashtuka, akaruka juu. Lakini mdomo wake ulikuwa umeushika uzi, kucha imenasa kwenye kitambaa, na kitambaa kilishikwa na mawe pande zote, hivyo kitu fulani kilipaswa kuachia, na kilichoachia ni moyo wa alizeti. Krrrp! Mheshimiwa akatua chini, mbawa wazi, na kutoka mdomoni mwake ukaning'inia uzi wa kahawia, mrefu, ule ule wa Nduguti, ukizidi kuingia kooni kwa kila hatua, kama mtu anayekula tambi bila uma.

Hapo vita ikaanza.

Kama lori la vitunguu lililokatika breki mteremkoni, likija na mzigo wake na kelele zake na dereva wake akipiga honi kwa sala, ndivyo Agripina alivyoshuka juu ya adui. Jogoo akakata kona kwenye mchicha. Shujaa akakata kona kwenye mchicha. Jogoo akapita chini ya kamba ya nguo. Shujaa akapita na kamba, na shati la ibada la Zefania likamfuata begani kama bendera ya jeshi. Wakaingia kwenye figili. Lo, figili! Figili alizozipandikiza moja moja kwa ncha ya vidole, alizoziimbia, alizozifunika majani zisiungue, akazikanyaga mwenyewe kwa miguu yake yote miwili, na hakugeuka nyuma kuzilia, kwa maana jemadari halii katikati ya mapambano. Atalia jioni, akiona bei ya figili sokoni.

"Lete uzi wangu!" alinguruma, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimemwishia, akaendelea kwa Kinyaturu, maneno ambayo hayataandikwa hapa kwa kuwa kitabu kinaweza kuangukia mikononi mwa shemasi.

Kelele zikamtoa Zefania mbele ya nyumba, mikono myeusi kwa grisi, mnyororo wa baiskeli ukiwa shingoni kama nishani. Akaona mke wake. Akaona jogoo wake. Akaelewa nusu, na kwa nusu hiyo akatoa hotuba.

"Mama Alute! Punguza mwendo, mke wangu! Huyo si kuku wa supu! Huyo ni jogoo mwenye ukoo! Babu yake alitoka Mkalama kwa basi, amekatiwa tiketi, amekaa dirishani! Majike wa mtaa mzima wanamtegemea! Ukimvunja mguu utawaambia nini watu?"

Agripina akasimama, akihema, jani la figili limebandika shavuni.

"Baba Alute," akanena kwa sauti ya chini, ile ambayo waume huijua, "nimekupikia, nimekufulia, nimevumilia spoku zako kwenye sufuria yangu ya maziwa. Leo sema mbele ya figili hizi: mimi au yeye?"

Zefania akamtazama mkewe, akamtazama jogoo. Na macho yake yalikaa kwa jogoo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

"Sawa," akasema Agripina. "Hilo tutalizungumza."

Ndipo juu ya ua wa minyaa kukachomoza kichwa, na kichwa hicho kilikuwa cha Rukaiya, jirani yake wa miaka mingi, mwanachama mwenzake, na mwenye kitambaa cha tausi kilichokaa meza kuu harusi mbili mfululizo. Rukaiya Ulimi-Wembe! Rukaiya ambaye siri ikimwingia sikio moja hupumzika kidogo tu kisha hutokea mdomoni!

"Mashallah!" akasema, akiegemeza mikono. "Nilidhani mnamkimbiza mwizi, kumbe ni mazoezi. Mama Alute, ongeza gia, anakuacha!"

"Rukaiya, nisaidie, acha maneno!"

"Nikusaidie, mimi polisi? Anakimbilia kushoto. Kushoto kwako wewe. Hujui kushoto?"

"Ana uzi wangu!"

"Ana nini?"

"Uzi! Wa moyo wa alizeti! Amechana kitambaa cha sendofu!"

Rukaiya akaangalia jiwe, akaona tundu, na uso wake ukapitiwa na mambo mawili kwa pamoja, huruma na hesabu za kesho. Yamkini angebaki pale akihesabu. Lakini Mheshimiwa, kwa kiburi kilichomzidi, akapenya chini ya ua na kuelekea kwenye mchicha wa Rukaiya.

"Haa! Kwangu tena?" Rukaiya akafumua kanga kiunoni, akaitandaza kwa mikono miwili kama wavu, akamdaka jogoo kwa pigo moja ambalo lingeimbwa kama kungekuwa na mwimbaji karibu. "Chukua mnyama wako. Na usinishukuru, nimeokoa mchicha wangu."

Zefania akamshika Mheshimiwa mabawa, akiminya macho asione. Agripina akapiga magoti. Sehemu kubwa ya uzi ilikuwa imekwisha kuzama. Akaushika ule mwisho kwa kidole gumba na cha shahada, akautoa polepole, kwa mkono ule ule mtulivu anaovutia mshono wa mwisho wa petali. Akauvuta, jogoo akisema kwe, akauvuta, jogoo akisema kwe-e, na Zefania naye akisema kwe bila kujitambua, mpaka ncha ikatoka, imelowa, imejikunja, lakini nzima. Haukukatika! Jogoo akaachiwa, akajikung'uta, akawika kwa sauti, kama kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Kisha wote watatu wakaenda kwenye jiwe na kuutazama uharibifu. Katikati ya ua, pale palipokuwa na moyo, palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, kingo zake zimechanika ovyo, na kupitia hapo lilionekana jiwe. Agripina hakulia. Aliketi chini, miguu imenyooka, mikono mapajani, na hilo lilimtisha Zefania kuliko kilio.

"Weka kiraka," Zefania akashauri. "Mimi tyubu zikitoboka naweka kiraka."

"Ataona nyuma."

"Gundi yangu ni nzuri lakini."

"Baba Alute, nenda kwenye baiskeli."

Rukaiya akaketi naye, kanga begani. Akambandua lile jani la figili shavuni, jambo ambalo majirani waliokuwa wakichungulia walilichukulia kama dalili ya msiba.

"Pole, jirani," akasema. "Kweli pole. Mwenyekiti akikigeuza hiki, sijui kama hata kunawia mikono atakikubali. Labda chini ya kreti za soda."

"Hicho ndicho unachosemea pole?"

"Pole ni pole, na ukweli ni ukweli. Mimi mwenyewe nisingejua pa kuanzia. Kiraka kina nyuma. Mshono una nyuma. Kila kitu kina nyuma."

Agripina akageuza shingo. Akamtazama Rukaiya. Akalitazama tundu. Akautazama ule uzi uliolowa mkononi mwake, na macho yake yakawaka taratibu kama mkaa unaopulizwa.

"Kroshia haina," akasema.

"Haina nini?"

"Nyuma. Ukifuma kwa sindano ya ndoana, pande zote ni zile zile." Akasimama. "Nikilizungushia tundu mshono wa kifungo, halafu nikaufuma moyo ndani yake, ukaning'inia humo kama utando wa buibui..."

"Kwa uzi uliotoka tumboni mwa kuku?"

"Sabuni ipo."

"Mama Alute, wewe si mzima."

"Na wewe utanyamaza."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi."

"Kaburi gani limefungwa spika?"

Rukaiya akacheka, akaondoka, na hakuahidi kitu.

Basi Agripina akaufua uzi kwa sabuni ya unga, akausuuza, akaukausha kwenye lile jiwe huku akilinda kwa fimbo. Akachukua mkasi, na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo ushujaa wake ulipovuka wa watu wa kawaida: akalikata lile tundu likawa kubwa zaidi! Akaondoa matambara yote mpaka likawa duara safi kama sahani. Mtu anayekata kitambaa chake mwenyewe siku moja kabla ya ukaguzi ama ana kipaji ama ana homa. Akalizungushia ukingo mshono wa kifungo, akachukua sindano ya ndoana, akaanza. Mnyororo, nguzo, mnyororo, nguzo. Jioni ikamkuta barazani; Zefania akapika ugali mwenyewe kama toba, ukawa na mabuja ya unga mbichi, akaula mwenyewe. Na alfajiri ya Jumapili, mwanga ulipotosha kuona jicho la sindano, akamalizia. Uzi ulitosha, na kilichobaki kisingefunga hata mguu wa sisimizi.

Safari hii uji wa wanga ulikuwa mwepesi, na kitambaa kikakauka sebuleni, milango imefungwa.

Ibada ikaisha, wakaja. Wakaja wamevaa sare, wamebeba mabegi, wakiitikia salamu kwa uzito wa wajumbe wa mkutano mkuu. Mama Witness akaja wa mwisho, kama ipasavyo, mwili mkubwa, miwani inaning'inia kifuani kwa cheni.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Alute. Nimepita bustanini kwako. Figili zimepatwa na nini?"

"Upepo, mwenyekiti."

"Upepo wenye nyayo?"

Zefania akakohoa, akakumbuka kwamba ana mteja, akatoka.

Sala ikasemwa. Ukaguzi ukaanza. Mama Witness akavaa miwani, na chumba kikawa kimya hata friji ikaona haya kunguruma. Akageuza kitambaa cha katibu: nyuzi zimening'inia. "Huyu hajanyolewa." Akageuza cha mweka hazina: mshono umekaza, kitambaa kimekunjamana. "Huyu ana hasira na mtu." Akafika kwa Rukaiya, kwa tausi yule maarufu, akamgeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake, kikasimama.

"Hiki ni nini?"

"Fundo, mwenyekiti. Moja tu."

"Tausi ana jipu."

Rukaiya akamkunja tausi wake upesi, jipu likiwa ndani. Kikafuata kitambaa cha Agripina. Agripina akakitoa kwenye kanga safi kwa mikono miwili. Na kabla Mama Witness hajakigusa, Rukaiya, mwenye tausi mwenye jipu, akavumilia, akavumilia, akashindwa.

"Mwenyekiti, mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Sisemi kwamba hicho kitambaa jana kimeliwa na jogoo. Sijasema."

Sebule ikalipuka. Wengine wakasema "Eeh!", wengine "Jogoo yupi?", na mweka hazina akauliza kama alipona. Agripina akamtazama Rukaiya kwa jicho ambalo kama lingekuwa sindano lingemshona mdomo.

Mama Witness akainua mkono. Akakichukua kitambaa.

"Mama Alute. Kimeliwa?"

Agripina akaona meza ya kunawia inamjia, na jagi lake, na beseni lake, na wazee wote wa Mitundu wamejipanga na mikono iliyolowa. Angeweza kukana. Akanyoosha mgongo.

"Kimeliwa, mwenyekiti. Katikati. Tafuta."

Mama Witness akakigeuza. Akatafuta. Akapitisha kidole kwenye petali: laini. Akafika kwenye moyo, ule moyo wa kahawia uliofumwa kama dirisha, mwanga ukipita katikati yake na kudondosha vitone juu ya kiganja chake. Akaubonyeza. Akausogeza karibu na miwani, kisha akavua miwani akausogeza karibu na jicho. Akakigeuza upande wa pili. Akautazama. Akakigeuza tena. Akakigeuza tena. Akasimama, akaenda nacho dirishani, akakigeuza huko.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

"Ndilo hilo," akasema Rukaiya, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu kama majivuno, kana kwamba jogoo ni wake. "Hapo hapo ulipokamata. Mimi ndiye niliyemdaka kuku!"

"Hili?" Mama Witness akakigeuza mara nyingine, na tangu umoja uanzishwe hakuna mwanachama aliyewahi kuuona uso ule: uso wa mwenyekiti aliyepotea. Akakishusha. Akamtazama Agripina, na swali lake likatoka polepole, kwa aibu.

"Mama Alute. Mbele ni wapi?"

Agripina akakipokea kitambaa, akakitazama upande huu, akakitazama upande ule, akatafuta alama, akakumbuka asubuhi, akakumbuka mishono ya mwanzo wa mvua, na akagundua, mbele ya umoja mzima, kwamba yeye mwenyewe hajui.

"Mwenyekiti," akasema, "chagua tu."

Mama Witness akakikunja kitambaa mara mbili, kwa upole, akakiweka ndani ya begi lake mwenyewe, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. "Meza kuu," akasema, akaketi.

Vigelegele vikapigwa mpaka Zefania akaangusha spana huko nje. Rukaiya alipiga kuliko wote, na katikati ya kupiga akamnong'oneza katibu kwamba wazo la kroshia kwa kweli lilitokana na maneno yake, nawe Sindano u shahidi, hilo halikuwa uongo wote.

Agripina akashukuru kwa maneno machache, akasema anakwenda kuangalia wali, akaingia jikoni, akarudisha mlango. Na humo, peke yake kati ya masufuria, shujaa wa Unyambwa akashika mwiko, akafunga kanga vizuri kiunoni, akacheza. Alicheza kwa kwenda mbele, akacheza kwa kurudi nyuma, akazungusha mabega yale ambayo mwaka mzima yalikuwa yamekaza, akampungia mkono bibi harusi ambaye bado hajavaa, akacheza mpaka huko sebuleni wakaanza kunusanusa na kutazamana.

Basi na iandikwe katika habari za nchi, ili wasiozaliwa waje waisome: siku ile mwanamke aliulizwa mbele ya kazi yake ni wapi, akakosa jibu, akashinda. Na wali uliungua. Liandikwe na hilo.